Ukienda Japani, Chagua Ngoma Moja Uitazame Vizuri

Wengi wanaokwenda Japani kwa likizo hupanga siku zao kwa mahekalu, mlima Fuji, treni ya mwendo kasi na maduka ya Tokyo. Ngoma ya jadi hubanwa mwishoni, katika saa moja iliyobaki kabla ya chakula cha usiku, kwa tiketi iliyokatwa mapokezini hotelini asubuhi hiyohiyo. Basi mtu huketi gizani miguu ikimuuma, anamtazama mwanamke aliyepakwa poda nyeupe akigeuza upepeo polepole, haelewi kinachosimuliwa, usingizi unamchukua, na akirudi nyumbani husema ngoma za Wajapani zinachosha. Maneno hayo hunisikitisha, maana ngoma zenyewe ni hazina, na aliyejiandaa kidogo tu huona mambo ambayo mwenzake wa kiti cha pili hayaoni kabisa. Ushauri wangu ni huu: chagua ngoma moja badala ya tatu, ijue hadithi yake kabla hujapanda ndege, kisha ipe nusu siku nzima.

Anza na kalenda, kwa sababu ngoma nyingi za Japani zina miezi yake. Kyoto ina mitaa mitano ya jadi ya wasanii wa kike waitwao geiko na wanafunzi wao, maiko, na kila mtaa una onyesho lake la mwaka. Kamishichiken huanza mwishoni mwa Machi. Aprili ni zamu ya Gion Kobu na Miyagawacho. Pontocho, kando ya mto Kamo, hucheza Mei, na Gion Higashi hungoja hadi siku za mwanzo za Novemba. Asiyejua hili anaweza kufika Kyoto Agosti akiulizia ngoma ya geiko akaambiwa amechelewa. Agosti nayo ina utajiri wake, nitaufikia.

Kwa mgeni wa mara ya kwanza anayeweza kusafiri majira ya kuchipua, ningemwelekeza Miyako Odori ya Gion Kobu bila kusita. Huchezwa Aprili nzima. Ilizaliwa mwaka 1872, na sababu ya kuzaliwa kwake inafaa ijulikane. Miaka mitatu kabla, mfalme alikuwa amehamia Tokyo, na Kyoto, iliyokuwa makao ya wafalme kwa zaidi ya miaka elfu, ikabaki na hofu ya kusahauliwa. Viongozi wa mji wakaandaa maonyesho makubwa ya biashara ili kuuamsha, na wanawake wa Gion, ambao hadi hapo walikuwa wakicheza vyumbani mbele ya wateja wachache, wakapandishwa jukwaani mbele ya umma. Aliyetunga hatua ni Inoue Yachiyo wa Tatu, na hadi leo mtaa huo hufuata mtindo wa nyumba ya Inoue peke yake. Kiongozi wa sasa wa nyumba hiyo ni wa tano kubeba jina hilo, na serikali imemtambua kuwa hazina hai ya taifa. Ukumbi wao, uliojengwa mwaka 1913, ulifungwa kwa miaka kadhaa ukarekebishwa, ukafunguliwa tena mwaka 2023.

Onyesho lenyewe ni la saa moja hivi, na hilo ni jambo jema kwa mgeni. Hupita majira yote ya mwaka, kuanzia machipuko hadi kurudi kwa maua ya sakura, na mandhari hubadilishwa mbele ya macho yako bila pazia kushushwa. Wapiga muziki hukaa pande mbili za ukumbi. Upande mmoja wapo waimbaji na wapiga shamisen, chombo cha nyuzi tatu. Upande wa pili zipo ngoma na filimbi. Wachezaji wa ufunguzi huingia kwa safu mbili wakiwa wamevaa kimono za buluu, wakipita kwenye njia za mbao zilizo kando ya watazamaji. Kwa hiyo viti vya pembeni, ambavyo katika kumbi nyingine ni vya kukimbia, hapa vina faida: mchezaji atapita karibu nawe kiasi cha kusikia kitambaa kikiburuzika.

Tiketi katika miaka ya karibuni zimekuwa kati ya yeni 4,000 na 7,000. Ya bei ya juu huja na chai kabla ya onyesho. Ikiwa mfuko unaruhusu, chukua hiyo, na ufike angalau dakika arobaini kabla ya muda. Geiko mmoja hukaa mezani mbele ya wageni akitayarisha chai ya matcha kwa utaratibu maalumu, huku maiko akimsaidia, na wahudumu wakigawa bakuli kwa wengine. Mambo huenda haraka, usitarajie faragha. Kula kwanza kile kitamu cha maharage, ndipo unywe chai, kwa kuwa matcha ni chungu na utamu uliotangulia ndio unaoituliza. Shika bakuli kwa mikono miwili, ulizungushe kidogo ili upande wake wa mbele usielekee mdomo wako. Kisahani kilicholetwa na kitamu ni chako. Kifunge kwenye karatasi uondoke nacho.

Ukitazama jukwaani, usitafute mambo usoni. Hapa ndipo wageni wengi hupotea. Tumezoea ngoma ambamo uso hucheka, hukunja, humwita mtazamaji; katika mtindo wa Inoue uso hutulizwa makusudi, na hisia husukumwa kwenye sehemu nyingine za mwili. Tazama miguu kwanza. Mchezaji hatoi soksi nyeupe sakafuni kama mtu anayetembea. Huitelezesha, kisigino kikibaki chini, magoti yamekunjwa ndani ya kimono, nyonga imeshushwa. Atateleza jukwaa zima na kichwa chake kisipande wala kushuka hata kidogo. Jaribu hatua nne za namna hiyo chumbani kwako hotelini kabla ya kwenda, na mapaja yako yatakueleza kazi iliyopo. Kisha tazama mabega. Wachezaji hufunzwa kuvuta mafupa ya mgongo wa juu pamoja na kuyashusha mabega ili shingo ionekane ndefu, na huvumilia hali hiyo muda wote wa wimbo wakiwa wamebeba kimono na mkanda wenye uzito mkubwa.

Halafu upepeo. Huu ndio kamusi ya ngoma hizi. Ukifunguliwa wote na kutikiswa kwa kifundo cha mkono huku ukishuka, ni maua yanayopukutika. Ukifunguliwa nusu na kuinamishwa, ni mtu anayemimina kinywaji. Ukifungwa, huweza kuwa kiko, fimbo au kalamu ya kuandikia barua. Ukiinuliwa polepole huku macho yakiufuata, ni mwezi unaochomoza nyuma ya mlima. Hakuna mgeni anayezijua ishara zote, na hata Wajapani wengi wa leo hawazijui. Lakini ukishaweka akilini kwamba upepeo haubaki kuwa upepeo, utaanza kubashiri, na kubashiri ndiko kunakoufukuza usingizi.

Jambo moja la mwisho kuhusu kutazama: sikiliza ukimya. Katika muziki wa shamisen na ngoma za Kijapani, mpigaji huweza kuacha nafasi ndefu kati ya pigo na pigo, huku mchezaji ameganda mguu mmoja ukiwa juu. Nafasi hiyo imepimwa na kufundishwa kwa miaka. Ndiyo sababu ya kuzima simu kabisa, hata mtetemo, kwa kuwa mlio mdogo ukiingia hapo unaharibu kitu ambacho ukumbi mzima ulikuwa unakingoja.

Asiyeweza kufika Kyoto katika miezi hiyo ana mlango mwingine, nao uko wazi karibu mwaka mzima: kabuki. Watu hudhani kabuki ni tamthilia tu, kumbe sehemu kubwa ya sanaa hiyo ni ngoma, na asili yake yote ni ngoma ya mwanamke mmoja, Okuni wa Izumo, ambaye mwaka 1603 hivi alicheza Kyoto na kukusanya umati. Mwaka 1629 serikali ya wakati huo ilipiga marufuku wanawake jukwaani, na tangu hapo wanaume ndio huigiza wanawake, kwa ustadi unaorithishwa kutoka kwa baba hadi mwana. Unesco imeiorodhesha kabuki kuwa urithi wa binadamu tangu 2008.

Ukumbi wake mkuu ni Kabuki-za, mtaa wa Ginza, Tokyo. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 2013, na limeunganishwa chini kwa chini na kituo cha treni cha Higashi-Ginza, hivyo mvua si kisingizio. Onyesho kamili la mchana au la jioni huchukua saa nne hivi pamoja na mapumziko, na viti vizuri hupita yeni 15,000. Kwa mgeni, mimi sipendekezi kuanza na hilo. Kuna tiketi za sehemu moja tu ya onyesho, viti vikiwa ghorofa ya nne, kwa bei ndogo sana ukilinganisha. Huuzwa mtandaoni kuanzia siku iliyotangulia, na ni chache. Ingia kwenye tovuti rasmi ya ukumbi, soma ratiba ya mwezi, utafute ni kipande kipi kilichoandikwa kuwa ni ngoma, ukate hicho. Mara nyingi ni cha nusu saa hadi saa moja. Waulize pia kuhusu kifaa cha kukodi kinachoonyesha maelezo ya Kiingereza, kwa sababu lugha ya nyimbo ni ya kale na hata mwenyeji huhitaji msaada.

Ghorofa ya nne ina upungufu mmoja usiotajwa sana. Kushoto mwa ukumbi kuna njia ndefu ya mbao inayokata katikati ya watazamaji hadi jukwaani, na mwigizaji akipita hapo husimama mahali maalumu karibu na jukwaa, akageuka, akajionyesha. Kutoka juu utaona sehemu hiyo ya karibu na jukwaa, lakini mwanzo wa njia hutauona. Ukisikia watu wa chini wakipiga makofi na wewe huoni kitu, tulia, anakuja.

Ukibahatika kukuta Musume Dojoji kwenye ratiba, badilisha mipango mingine yote uione. Ilichezwa mara ya kwanza Edo, ndiyo Tokyo ya leo, mwaka 1753, na mchezaji mmoja hubeba jukwaa peke yake karibu saa nzima. Hadithi iliyo nyuma yake ni hii. Binti aitwaye Kiyohime alimpenda mtawa kijana, Anchin, aliyepita kwao akienda kuhiji. Mtawa akamwahidi kurudi, kisha akamkwepa. Binti akamfuata mbio, akavuka mto, na kwa hasira akageuka nyoka. Mtawa akakimbilia hekalu la Dojoji na kufichwa ndani ya kengele kubwa ya shaba. Nyoka akajizungusha kwenye kengele ile akamteketeza kwa moto wake. Ngoma huanza miaka mingi baadaye. Hekalu limepata kengele mpya, na msichana mrembo anafika langoni akiomba kuiona. Watawa wanasema wanawake hawaruhusiwi, lakini wanakubali aingie akiwachezea. Wewe mtazamaji unayejua hadithi utajua ni nani huyo, na kila mara atakapoinua macho kuitazama kengele iliyoning'inia, mwili utakusisimka. Asiyejua ataona msichana mwenye nguo nzuri.

Na katika ngoma hiyo kuna kitu cha kutazama kwa karibu. Mchezaji ana kimono nyekundu. Nyuma yake amepiga magoti msaidizi, ambaye kwa desturi watazamaji humhesabu kuwa hayupo. Mchezaji anaendelea kucheza, na msaidizi, mikono yake ikienda kwa siri, anafungua nyuzi nene zilizoshikilia nguo ya juu mabegani na kwenye mikono. Muziki unafika mahali pake, wote wawili wanakuwa tayari, uzi wa mwisho unavutwa, na nguo nyekundu inaanguka yote kwa mkupuo. Chini yake kumbe kulikuwa na kimono ya buluu hafifu. Mguu haukukosa pigo hata moja. Mkazie macho msaidizi yule dakika mbili kabla, maana wengi hutazama kwingine na kubaki wakiulizana jirani kwa jirani nguo imebadilika saa ngapi.

Kwa maandalizi, kabla ya safari tafuta filamu ya Kijapani iitwayo Kokuho, ya mwaka 2025, iliyoongozwa na Lee Sang-il. Inasimulia maisha ya mwanamume anayeigiza wanawake katika kabuki, na ngoma zenyewe, ikiwamo hii ya Dojoji na ile ya msichana korongo mweupe anayekufa kwenye theluji, zimepigwa picha kwa ukaribu ambao kiti chochote cha ukumbini hakiwezi kukupa.

Sasa kuhusu saa, na hili nawaambia hasa wanaotoka Afrika Mashariki. Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Onyesho la mchana la Kabuki-za kwa kawaida huanza saa 5 asubuhi, ambayo kwa mwili wako uliotoka Dar es Salaam au Nairobi juzi ni saa 11 alfajiri. Utasinzia, na kosa halitakuwa la mchezaji. Kama unaona ngoma katika siku tatu za mwanzo, chagua ya jioni: saa 10 na nusu ya Tokyo ni saa 4 na nusu asubuhi nyumbani, mwili uko macho. Siku ya kutua usikate tiketi ya kitu chochote.

Adabu za ukumbini hazina ugumu, ila zinatofautiana na zetu. Sisi tuliolelewa kwenye taarab tumezoea kuinuka, kucheza hadi mbele ya mwimbaji na kumtunza, na asiyefanya hivyo huonekana hana raha. Kule utakaa kimya mahali pako hadi mwisho. Makofi yapo, lakini hutolewa mchezaji anapoingia au anapofikia pozi kubwa. Wasikilize wenyeji uwafuate. Kwenye kabuki utasikia mtu akipaza sauti kutoka nyuma ya ukumbi akitaja jina la nyumba ya mwigizaji. Hao ni watu waliojifunza sekunde halisi ya kuita, na si vyema mgeni kuwaiga. Picha na video ni marufuku wakati wa onyesho. Egemeza mgongo kwenye kiti muda wote, kwani ukijisogeza mbele ili uone vizuri unamziba aliye nyuma yako, na hilo huwakera Wajapani zaidi ya mambo mengi. Kwa sababu hiyohiyo, dada zangu, kilemba kirefu cha kitenge kiacheni hotelini siku hiyo. Funga cha chini, kitapendeza vilevile. Mavazi mengine ni hiari, safi na ya heshima yanatosha.

Chakula kinahitaji neno moja kwa Waislamu. Kabuki-za kuna desturi ya miaka mingi ya kula kitini wakati wa mapumziko, kutoka kwenye masanduku ya chakula yanayouzwa pale. Ni raha, lakini karibu vyakula vyote vya kupikwa katika masanduku hayo hutiwa mirin, kiungo kitamu chenye kilevi cha mchele. Beba chako. Vitamu vya chai mara nyingi ni maharage, sukari na unga wa mchele, ila kuuliza hakuna hasara.

Noh nitaitaja kwa kifupi, kwa sababu ni ya mtu mwenye subira na siyo kila msafiri anapaswa kujilazimisha. Ni ya kale kuliko kabuki, mchezaji mkuu huvaa kinyago cha mbao, na mwendo ni wa polepole sana. Ukumbi wa taifa uko Sendagaya, Tokyo, umefunguliwa mwaka 1983, na una vioo vidogo vya maelezo nyuma ya kiti kilicho mbele yako, vya Kiingereza pia. Ukienda, usikimbilie kupiga makofi mwishoni. Wachezaji huondoka mmoja mmoja juu ya daraja la mbao, na ukimya unaowasindikiza ni sehemu ya kazi yao.

Nilisema Agosti ina utajiri wake. Katikati ya mwezi huo Wajapani wengi hukaribisha roho za wazee wao waliotangulia, na miji na vijiji hucheza bon odori barabarani na viwanjani usiku. Hapa hakuna tiketi wala kiti. Ni ngoma ya kuingia, na kwa maoni yangu ndiyo inayomfaa zaidi mtu wa kwetu ambaye hawezi kutazama ngoma akiwa ameketi.

Nenda Gujo Hachiman, mji mdogo wa milimani mkoani Gifu, unaofikika kwa basi kutoka Nagoya. Wanacheza zaidi ya usiku thelathini kati ya Julai na Septemba, na usiku wa tarehe 13 hadi 16 Agosti hucheza hadi alfajiri. Waimbaji na wapigaji hukaa ndani ya kibanda cha mbao katikati ya barabara, watu huzunguka, na mgeni hana haja ya kuomba ruhusa. Ngoma ni kumi. Usijaribu kuzisoma kitabuni. Ingia kwenye duara, simama nyuma ya mama wa makamo mwenye kimono ya pamba iliyofifia kwa kufuliwa, umfuate mikono. Miguu itakuja yenyewe mzunguko wa tatu. Wenyeji huvaa mitalawanda, na mlio wake kwenye lami unaingia katika muziki. Unaweza kununua yako pale mjini, hutengenezwa kwa mti wa hinoki, lakini ikiwa hujazoea kuvaa mitalawanda, usiku wa kwanza cheza na raba zako, la sivyo malengelenge katikati ya vidole yatakulaza chumbani siku mbili.

Awa Odori ya Tokushima, tarehe 12 hadi 15 Agosti, ni kubwa zaidi na huvuta watu wanaozidi milioni moja. Vikundi hupita barabarani kwa safu, wanawake wakiwa na kofia za majani zilizokunjwa juu ya paji la uso, mikono hewani, wanaume wameinama magoti nje. Kuna viti vya kulipia, na kuna kikundi maalumu cha wageni ambacho mtu yeyote hujiunga papo hapo bila sare. Vyumba vya mji huisha miezi kabla. Wengi hulala Takamatsu na kuja kwa treni. Ukishindwa kupata nafasi, Tokushima ina ukumbi wa Awa Odori unaoonyesha ngoma hiyo mwaka mzima na kuwainua watazamaji wacheze, na Koenji, mtaa wa Tokyo, hufanya Awa Odori yake mwishoni mwa Agosti. Jihadhari na joto, hata kama wewe ni mtu wa Tanga au Mombasa: nyuzi 35 zenye unyevu huko ni jambo la kawaida. Kunywa maji, na uwe na siku ya akiba kwa ajili ya tufani.

Tofauti kabisa na hizo ni ngoma ya Owara, Yatsuo, mkoani Toyama, usiku wa tarehe 1 hadi 3 Septemba. Vijana hucheza nyuso zao zikiwa zimefichwa na kofia za majani zilizoshuka hadi puani, wakifuatwa na sauti ya fidla ndogo ya kokyu. Hii ni ya kutazama kimya. Usitumie mwanga wa kamera. Mji ni mdogo, lala Toyama.

Anayependa dini na hadithi za kale atafute kagura, ngoma za mahekalu ya Shinto. Kule Takachiho, mkoani Miyazaki, huchezwa kila usiku saa 2 katika hekalu la mji, kwa saa moja, tiketi yeni 1,000. Ni ngoma nne zilizochaguliwa kati ya thelathini na tatu, na tatu kati ya hizo nne zinasimulia jinsi mungu wa kike wa jua alivyojificha pangoni dunia ikawa giza, hadi mungu mwingine wa kike alipocheza nje ya pango na kumfanya achungulie. Utaketi sakafuni, kwa hiyo vaa soksi nzima na uwahi nafasi ya mbele. Huduma za basi kwenda huko ni chache; panga kulala.

Ukiwa Kyoto, kuna jambo la mtaani linalohitaji busara. Jioni katika vichochoro vya Gion utaweza kumwona maiko akienda kazini kwa haraka. Mwache apite. Wageni wamewakimbiza, wamewavuta mikono ya kimono, wamewazuia njia ili kupiga picha, hadi mwaka 2024 wakazi wakafunga vichochoro vya binafsi kwa watalii na kuweka faini ya yeni 10,000. Ni wasichana wa miaka kumi na kitu, wako katika mafunzo makali, na wana miadi. Anayetaka kuwaona kwa nafasi akate tiketi ya ukumbini, ambako wao wenyewe wamejiandaa kutazamwa. Nje ya misimu ya maonyesho makubwa, Gion Corner, ukumbi mdogo uliopo tangu 1962, huonyesha sanaa kadhaa kwa vipande vifupi katika muda usiozidi saa moja. Wajuzi huibeza kwa kuwa ni ya watalii. Mimi naiona inafaa kwa familia yenye watoto, mradi usiichukue kuwa ndiyo mwisho wa safari yako.

Tiketi zote zinunue kwenye tovuti rasmi za kumbi zenyewe au madirishani mwao. Sheria ya Japani ya mwaka 2019 inakataza kuuza tena tiketi kwa bei ya juu, na aliyenunua kwa mlanguzi anaweza kuzuiwa mlangoni.

Kuhusu utaratibu wa kukata: Watanzania na Wakenya wanahitaji viza, na ubalozi wa Japani hutaka ratiba ya safari siku kwa siku. Tarehe ya ngoma iwe ndiyo ya kwanza kuandikwa kwenye ratiba hiyo, kisha hoteli iliyo karibu nayo, kisha treni. Chagua hoteli inayokuruhusu kufuta bila kukatwa. Tiketi ya ndege isiyorudishwa fedha isubiri hadi viza igongwe. Tiketi ya Miyako Odori au ya kiti cha Tokushima, ikiwa imeanza kuuzwa kabla ya hapo, ikate mapema hata kwa hatari ya kuipoteza, maana ndiyo pekee katika orodha yote ambayo ikiisha haiongezwi.